Paka wa Mlangoni

Baina ya magharibi na isha, katika mojawapo ya barabara za Ngamiani, mtaa wa Tanga ambao njia zake huitwa kwa nambari, paka huja bila kubisha hodi. Mvua ya masika imemlowesha hata mbavu zake zahesabika. Hukaa kizingitini, mkia ameuzungusha miguuni, na macho ameyaelekeza jikoni ambako vibua vinakaangwa. Halii. Mwenye nyumba ana mambo matatu ya kufanya: kumfukuza, kumtupia kichwa cha samaki, au kumwacha aingie. La kwanza na la tatu maana yake yajulikana. La pili, ambalo wengi hulifanya na kulisahau kabla ya kunawa mikono, ndilo lenye fumbo.

Kwani kichwa cha samaki si chakula tu, bali pia ni kauli. Kesho yake paka atarudi saa ile ile, mahali pale pale, kana kwamba ameambiwa aje. Je, hakuambiwa? Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kwa udogo wa paka huonekana dogo, na sivyo lilivyo: mtu aliyetenda wema mara moja, je, amejifunga kuutenda mara ya pili?

Wahenga waliweka kipimo cha mgeni: siku mbili hukirimiwa, ya tatu hupewa jembe. Watetezi wa paka husema kwamba yeye jembe lake huja nalo, maana hatoki panya katika nyumba yenye paka. Methali nyingine huwaunga mkono kwa kusema kwamba paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Hoja hii ni nzuri, ila haifiki mbali. Paka huzeeka. Meno humng'oka, macho yakaingia ukungu, na panya wakapita mbele yake bila haraka. Ikiwa haki ya kukaa ilitokana na panya, basi siku hiyo haki imekwisha, naye arudishwe mvuani alikotoka. Wema uliojengwa juu ya faida huwa kibarua, nacho kibarua hufutwa.

Lugha ya Kiswahili imekwisha kuligusa jambo hili kwa njia yake. Ina paka wa nyumba, na ina shume, yule dume jeuri wa mapaani na majalalani. Tena ina methali isemayo kwamba paka wa nyumba haingwa. Lakini ni nani aliyemfanya kuwa wa nyumba? Hapana hati iliyoandikwa wala shahidi aliyesimama. Ni mazoea tu: leo kichwa cha samaki, kesho maji ya kunywa, kesho kutwa kipande cha gunia pembeni mwa jiko. Mtu huingia katika ahadi kama aingiavyo usingizini, asijue ni dakika gani hasa alipovuka.

Katika mapokeo ya Kiislamu, ambayo watu wengi wa pwani wamelelewa nayo, zipo hadithi mbili za Mtume zinazofaa kuwekwa pamoja. Ya kwanza, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yamhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia hadi akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Ya pili yamhusu Abu Qatada, sahaba aliyeinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe. Mkwe wake alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wale wanaowazungukia watu majumbani mwao.

Katika ile ya kwanza, mizani yapaswa kuangaliwa kwa makini. Lawama ya mwanamke yule haikuwa umaskini wa chakula. Angekuwa hana kitu, mlango ungemtosha: amfungulie, na ardhi ya Mungu ina riziki. Kosa lake lilikuwa na pande mbili kwa pamoja. Alimshika kama mali, na alimtupa kama asiye mali. Kwa mkono mmoja alisema huyu ni wangu, kwa mkono wa pili akasema hanihusu.

Upande wa pili wa kosa hilo waonekana katika ngano ya Nunda mla watu, iliyomo katika kitabu cha hadithi za Unguja alichokichapisha Askofu Edward Steere huko London mwaka 1870. Sultani alikuwa na paka aliyempenda. Paka akala mifugo, tangu wadogo hadi wakubwa, na kila alipopelekewa mashitaka sultani alimkingia kifua, kwa kuwa paka ni wake na mifugo ni yake. Mwisho paka akawa nunda, akala watu, na hata wana wa sultani hawakusalimika. Sultani huyu hakumnyima paka wake kitu. Alichokataa ni kuulizwa juu yake. Basi mwanamke aliyenyima na sultani aliyedekeza wamekutana mahali pamoja: wote wawili walitamka neno "wangu" wakakataa mzigo wake.

Mzigo huo nao si wa mashairi. Paka jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 63 hadi 65, na aweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Aliyelishwa vizuri huzaa vizuri. Ndipo huja lile jambo ambalo miji ya pwani hulijua na hailisemi barazani: watoto wa paka hutiwa kikapuni au katika kiroba, wakapelekwa usiku mahali penye samaki, sokoni au kwenye diko la Deep Sea, kwa kisingizio kwamba huko hawatakosa riziki. Aliyewabeba ni yule yule aliyemhurumia mama yao. Huruma yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa fupi. Huruma ndefu ingempeleka kwa daktari wa mifugo mapema, paka akafungwa kizazi, akachanjwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia huupata na kumwambukiza mtu kwa kumng'ata. Hapo jirani naye angekuwa amehurumiwa.

Mkoa wa Tanga umewahi kufanya mtihani huu katika jambo kubwa zaidi. Mkonge wenyewe ulikuja mgeni: mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida, na 62 tu iliyonusurika safarini ndiyo iliyopandwa karibu na Pangani. Baada ya mmea wakaletwa watu, kutoka bara na hata nje ya nchi, wakaitwa manamba kwa kuwa walijulikana kwa nambari. Hao hawakungojea siku ya tatu. Jembe walipewa siku ya kwanza. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960 na baadaye, wako waliobaki kambini bila ujira wa kutosha wala shamba la kwao, na njia ya kurudi kwao imesahaulika. Mtu si paka, na haifai kumlinganisha naye. Kipimo tu ndicho kisichobadilika: asiyelishwa wala kuachwa ajitafutie amedhulumiwa na yule aliyemshika.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Ngamiani hana dhambi akimwacha paka apite na kwenda zake. Wala kichwa kimoja cha samaki hakijamfunga. Sadaka ya njiani ni sadaka. Kinachomfunga ni siku ya tatu, paka anapokuja bila kutazama huku na huku, kwa kuwa ameacha kutafuta pengine. Tangu hapo njaa yake imekuwa kazi ya mikono ya mtu. Kama nyumba haiwezi, afadhali ijulikane mapema, wakati mnyama angali na nguvu na milango mingine angali anaijua. Kama yaweza, na awekewe kisahani pembeni mwa mlango, nacho kisiondolewe siku vibua vitakapopanda bei.

Mvua yaendelea kunyesha. Paka bado amekaa kizingitini.