Kokoto na Gurudumu

Fikiria kokoto moja njiani. Mwenye gari haioni. Lakini kwa kijana wa Marekani wa miaka ya 1960, aliyesimama juu ya ubao wa magurudumu, kokoto hiyo ilitosha kumtupa chini. Magurudumu yalikuwa ya udongo uliogandamizwa: magumu, yenye kuteleza, yasiyosamehe. Wengi walilaumu barabara. Wengi walilaumu mchezo, wakauacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana mmoja, Frank Nasworthy, hakulaumu. Aliona magurudumu ya yurethani, plastiki inayobonyea kidogo, yaliyotengenezwa kwa viatu vya magurudumu katika kiwanda kimoja huko Virginia. Akayafunga kwenye ubao. Yakashika njia. Yakapita juu ya kokoto. Akaanza kuyauza California kwa jina la Cadillac, na mchezo uliodhaniwa umekufa ukafufuka.

Utasema: ilikuwa bahati tu, kwani alivumbua nini? Kweli, magurudumu yalikuwepo. Lakini yalikuwepo mbele ya macho ya wengi, na bahati isiyotazamwa hupita kama mgeni asiyekaribishwa. Utasema tena: kampuni kubwa zilimfuata, zikampita. Kweli pia. Lakini zilimpita katika njia aliyoifungua yeye, na ufunguzi wa njia nao ni kazi.

Leo kazini utakutana na kokoto. Huenda usiweze kuzifagia zote. Basi, kabla ya kuilaumu barabara, tazama gurudumu lako.