Mrudishieni Ng'ombe Ritifaa Yake

Ndugu zangu wa Kilwa na Lindi, nawasihi, msiniambie ni kijialama tu! Juzi sokoni Kivinje nilisimama mbele ya kibao cha chaki: NGONDA BEI POA. Samaki wenyewe wametandazwa juu ya jamvi, wamepasuliwa, chumvi imewakaukia, jua limewakaza. Mama muuzaji akiwanadi hakosei hata mara moja: ng'onda! Sauti yote inapita puani, g haisikiki. Kinywa chake kinajua. Kibao ndicho kilichomwangusha.

Semeni ngoma. Mmeisikia g? Semeni ng'ombe. Iko wapi? Sauti mbili, na Kiswahili kimezitenga kwa ritifaa, alama ndogo kuliko punje ya mchele. Tazameni majina ya mahali petu: Mingoyo haiihitaji. Ng'apa haikamiliki bila yake. Jino tunaling'oa, lakini ukiandika ngoa, umetaja tamaa na wivu.

Wazee wetu hawakuwa na ritifaa. Zile barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa hadi leo, ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na hati hiyo haina herufi ya sauti hii ya ng'. Ilibidi msomaji aijue lugha kwanza, ndipo asome. Sisi tumepewa chombo, nasi tunakitupa!

Nimewahi kukaa mbele ya karani wa ofisi moja, akaniambia, "Mfumo haupokei hiyo alama." Jina la kwetu likaingia limenyofolewa. Nikanyamaza, na hadi leo najuta. Mfumo umetengenezwa na watu. Wafuateni watu hao! Andikeni barua, rudini kesho, rudini keshokutwa, mpaka Ng'apa iandikwe Ng'apa.

Walimu, msimtilie mtoto vema kwa "ngombe", hata kama mmemwelewa. Ninyi mmemwelewa kwa sababu mlizaliwa ndani ya lugha. Mgeni anayejifunza kwa karatasi atatamka g isiyokuwepo, na kosa litakuwa letu. Vijana, alama imo kwenye simu zenu. Itafuteni!

"Mama, niazime chaki," nilimwambia yule muuzaji.

"Ya nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Akalitamka jina taratibu, mara mbili, kidole kikiwa puani. Kisha hakunipa chaki. Aliinama mwenyewe, akaiweka ritifaa baada ya g, nene na nyeupe, akasogea nyuma kuitazama.