Ukikimbia Bila Mzuka, Je, Wewe ni Mnafiki?



Kuna maneno nayasikia sana kwa vijana wenzangu, hasa wale walioanza chuo mbali na nyumbani: "Frateri, siku hizi sijisikii kusali. Nikienda Misa hivyo hivyo, si nitakuwa mnafiki tu?" Kwa kweli ni swali la heshima. Anayeuliza hivyo anaogopa kumdanganya Mungu, na hofu hiyo si ndogo. Safari hii limenijia kwa mlango ambao sikuutegemea, yaani kwa baba yangu mdogo, na halikuhusu Misa. Lilihusu mbio.

Baba mdogo ana miaka 53, ni mwalimu wa sekondari. Daktari alimwambia presha imepanda, apunguze chumvi na afanye mazoezi. Yeye akaamua kukimbia, wakati mbio pekee alizozijua maishani ni mchakamchaka wa shule ya msingi. Alianza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili wanafunzi wake wasimwone. Baada ya miezi mitatu alikuwa anamaliza kilomita 5 bila kusimama, na tayari anazitaja kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Halafu kimya. Juzi akaniandikia: "Mwanangu, miguu ipo, afya ipo, ila mzuka umekwisha. Kila asubuhi naona kama najidanganya. Niache tu?"

Kabla ya falsafa, tuseme ukweli wa mwili. Anayeanza kukimbia hupata faida kubwa haraka sana. Ndani ya wiki chache pumzi inaongezeka, moyo unatulia, mlima uliokuwa unamtoa jasho anaupanda akizungumza. Kila wiki kuna habari njema ya kumwambia mama mdogo. Baadaye faida zinakuwa ndogo na za polepole, hazionekani kwa macho. Kano na mifupa huchelewa kuzoea kuliko pumzi, na kwa mtu wa miaka 50 na kitu huchelewa zaidi. Kwa hiyo hamu iliyokuwa inakula habari njema za kila wiki inabaki na njaa. Mwili haujaharibika. Ni chakula cha hamu kilichokwisha.

Wanaosali wanaijua hali hii. Baada ya mafungo au kongamano la vijana, wiki mbili unasali kama malaika. Wiki ya tatu Rozari inakuwa ndefu ajabu.

Sasa, ni unafiki kuendelea? Mnafiki ni mtu anayevaa sura ili watu wamwone. Huyu mwalimu anayefunga kamba za viatu gizani, hana mtazamaji hata mmoja, tena angefurahi kurudi kitandani, anamwigizia nani? Hamu imemwambia "lala", naye akaamua "twende". Maamuzi hayo ni yake kabisa, pengine kuliko zile siku ambazo hamu ilimbeba mgongoni. Tumezoea kudhani kwamba mimi halisi ni kile ninachojisikia. Nani katufundisha hivyo? Mama anayeamka usiku wa manane kumnyonyesha mtoto hajisikii, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema upendo wake ni wa uongo.

Ila nisimalize haraka, kwa sababu Aristotle ana neno hapa. Anakubali kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama vile fundi ujenzi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Hilo linatufaa: tendo linatangulia, hamu inafuata. Lakini anasema pia kwamba dalili ya fadhila iliyokomaa ni furaha inayoandamana na tendo. Anayetenda mema huku amekunja uso daima bado hajafika. Kant wa Ujerumani angemsifu zaidi anayetimiza wajibu bila mvuto wowote, na darasani kuna wenzangu wanaomtetea hadi kengele ya chakula. Mimi namfuata Aristotle. Ukavu ni sehemu ya njia, si makao. Baba mdogo akikimbia miaka mitano bila kufurahi hata siku moja, nitamwambia atafute baiskeli.

Lakini kati ya sasa na furaha hiyo ashike nini? Mt. Inyasi wa Loyola alipoanza kujifunza Kilatini kule Barcelona alikuwa na miaka 33 hivi, mwanajeshi wa zamani, mguu umeumizwa vitani, amekaa darasani na watoto. Anasimulia kwamba kila alipotaka kukariri masomo, mawazo matamu ya kiroho yalimjaa mpaka hakuweza kusoma. Mengine hata kwenye sala hayakuwa yanamjia hivyo! Akayapima kwa kuangalia yanampeleka wapi, akagundua ni kishawishi. Akamwendea mwalimu wake na kumwahidi kwamba kwa miaka miwili hatakosa kipindi, mradi apate mkate na maji ya kumweka hai. Yaani hisia zenyewe zilikuwa nzuri, tena za kidini, na bado hakuzipa usukani. Alilipa usukani neno alilokwisha kulitoa mbele ya mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipomjibu baba mdogo: asitafute mzuka, atafute mtu wa kumwahidi. Siku tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa mwendo ambao anaweza kusali Baba Yetu kwa sauti bila kukatika pumzi. Ikikatika, apunguze mwendo au atembee. Kutembea si dhambi.

Tena kuna ulegevu, na kuna ukaidi. Mt. Thomas wa Akwino anaweka udumifu katikati ya hivyo viwili: mmoja anaacha kwa sababu ya ugumu mdogo, mwingine anang'ang'ania kupita inavyopasa. Sisi Watanzania tunampenda John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Tunampenda kwa haki. Yeye alikuwa ametumwa na nchi, kwa siku ile moja. Baba mdogo akikimbia na goti lililovimba Alhamisi ya kawaida, nchi haijamtuma. Apumzike, na kama kifua kinabana arudi kwa daktari.

Kuhusu kuchelewa sina mengi. Sista Madonna Buder wa Marekani alianza kukimbia akiwa na miaka 48, baada ya padre kumshauri. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza Ironman kule Kanada: kuogelea karibu kilomita 4, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima. Simleti ili baba mdogo ashindane naye. Namleta kwa ajili yenu mnaoniambia mmechelewa kujifunza kinanda au Kiingereza, na mna miaka 24.

Baba mdogo alinijibu jioni ile ile. Ahadi ameitoa kwa binti yake wa kidato cha pili, ambaye ameomba wakimbie pamoja Jumamosi, ila si saa kumi na moja na nusu. Wamekubaliana saa kumi na mbili na robo, kukiwa kumekucha na wanafunzi wake wako barabarani.