Uzito wa Kweli katika Usukani

Miongoni mwa maswali ya siku nyingi katika falsafa ya maarifa ni lile linalouliza iwapo ukinzani, yaani nguvu ambayo kitu humrudishia anayekigusa au kukisukuma, ni kizuizi kinachomtenga mtu na ulimwengu au ndiyo njia yenyewe ambayo ulimwengu humfikia. Swali hilo huzungumzwa mara nyingi kwa maneno ya jumla yasiyoshikika, ilhali pana mahali linapoweza kupimwa kwa viganja vya mikono, napo ni kwenye usukani wa gari la zamani uliolegea na kuwa mwepesi kupita kiasi, ambao dereva wake, akiwa kwenye kasi ya barabara kuu, huusahihisha kila mara bila kujua kama magurudumu yamemsikia.

Immanuel Kant, katika utangulizi wa kitabu chake cha uhakiki wa akili kilichotoka mwaka 1781, alimtaja njiwa ambaye, kwa kuwa anahisi hewa inavyompinga anapoipasua, angeweza kudhani kwamba mahali pasipo hewa angeruka vizuri zaidi. Kabla yake, mwaka 1637, René Descartes alikuwa ameandika juu ya fimbo ya kipofu, ambayo humwezesha mwenye kuishika kutofautisha jiwe na mchanga, na maji na matope, kwa sababu kila kimoja huipinga fimbo kwa namna yake. Mfano wa Kant ni maarufu zaidi, lakini ule wa Descartes unalifaa zaidi suala hili, kwani unaonyesha kwamba ukinzani hauishii katika kumbeba mtu, bali pia humpa habari, na habari hiyo hufika mkononi ikiwa tu fimbo haikukatika katikati na haikuvikwa kitu kinachozima mitetemo yake. Usukani nao ni fimbo ya aina hiyo, iliyo ndefu na yenye viungo vingi.

Magari ya Marekani ya miaka ya 1960 ndiyo yanayoonyesha tatizo hili waziwazi. Mhandisi Francis Davis alikuwa amebuni usukani unaosaidiwa na mafuta yenye shinikizo katika miaka ya 1920, lakini ni Chrysler iliyouleta sokoni katika gari la Imperial mwaka 1951, na katika muda mfupi wepesi wa kuuzungusha kwa kidole kimoja ukahesabiwa kuwa sifa ya gari la hadhi. Ndani ya boksi la stelingi la aina hiyo, yaani kifuko cha chuma chenye gia zinazogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kuelekeza magurudumu, mara nyingi kuna kijiti chembamba kinachokubali kusokoteka kidogo, na msokoto huo ndio unaofungua valvu ili mafuta ya pampu yamsaidie dereva. Kijiti kikiwa chembamba mno, valvu hufunguka kwa mguso mdogo tu, pampu ikabeba karibu kazi yote, na mikono ikabaki haina habari ya kinachotendeka chini.

Wepesi huo, hata hivyo, si kitu kimoja na ulegevu, ingawa katika gari lililochakaa hukutana na kuchukuliwa kuwa ugonjwa mmoja. Wepesi hutokana na msaada uliozidi, na ulegevu hutokana na kukatika kwa mawasiliano, pale viungo vya tairodi, yaani fimbo zinazounganisha boksi na magurudumu, vinapolika na kuacha nafasi. Fundi makini huutafuta ulegevu kabla ya kufungua chochote: mtu mmoja hukaa kwenye kiti na kuuchezesha usukani kidogo kushoto na kulia, injini ikiwa inanguruma, na fundi hulala chini ya gari akipitisha kiganja juu ya kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka afike pale ambapo upande mmoja wa kiungo unasogea na wa pili umetulia. Hapo ndipo neno la dereva linapopotea, na hapo hapo ndipo jibu la barabara linapopotea likirudi, kwa kuwa njia ni moja kwa wote wawili.

Kinachofuata mara nyingi ni kosa lenye maana kubwa kuliko linavyoonekana. Juu ya boksi la stelingi kuna skrubu yenye nati ya kuifungia, iliyowekwa ili kusogeza gia mbili zikaribiane zinapolika, na mwenye gari asiyependa kutafuta chanzo huikaza skrubu hiyo mpaka usukani uwe mzito. Kwa siku chache hufurahi, kwani mikono sasa inakutana na kitu. Lakini gia hizo zimechongwa ili zibanane zaidi zikiwa katikati, kwa hiyo ubanaji uliozidi huuma pale pale ambapo gari linakwenda moja kwa moja, usukani ukaacha kurudi wenyewe baada ya kona, na kile ambacho dereva anakihisi kuwa ni barabara kikawa msuguano wa chuma kwa chuma ndani ya boksi. Amepata uzito, na habari imezidi kupungua.

Uzito wa kweli hutoka kwingine. Mhimili ambao gurudumu la mbele hukatia kona huweza kuinamishwa, upande wa juu ukarudi nyuma kidogo, na mwinamo huo mafundi huuita kasta. Kadiri unavyozidi, ndivyo mwendo wa gari unavyolivuta gurudumu kunyooka na ndivyo dereva anavyohitaji nguvu zaidi kulitoa katika unyoofu huo. Magari mengi ya Marekani ya wakati huo yalipangwa na kasta ya karibu na sifuri, kwa kuwa matairi yake, ambayo nyuzi zake zilipishana kimshazari, yalikuwa na tabia kubwa ya kujinyoosha yenyewe, na yanapovalishwa matairi ya radiali ya leo mafundi huongeza kasta hadi kiasi cha digrii 3 au zaidi. Tairi lenyewe lina mchango ambao wenye gari wengi hawaujui: linapokaribia mwisho wa uwezo wake wa kushika lami, nguvu yake ya kujinyoosha hupungua kabla ya mshiko wenyewe kuisha, kwa hiyo usukani uliounganishwa vizuri huwa mwepesi ghafla mikononi muda mfupi kabla ya gari kuteleza. Usukani uliokuwa mwepesi tangu mwanzo hauwezi kutoa onyo hilo, na uliobanwa kwa skrubu hulificha ndani ya ubanaji wake.

Citroën SM ya mwaka 1970 inauongezea mjadala huu ugumu wa haki. Katika gari hilo mishtuko ya barabara haikuruhusiwa kuufikia usukani, na badala yake shinikizo la mafuta, lililopanda kadiri gari lilivyokwenda kasi, liliufanya kuwa mzito na kuurudisha katikati. Uzito huo ulitengenezwa, na bado hauwezi kuitwa uongo mtupu, maana ulisema jambo moja la kweli, yaani kasi. Lakini ulinyamaza kuhusu utelezi wa lami, na dereva aliyeuzoea uzito wa kutengenezwa angeweza kudhani kwamba ameambiwa yote.

Mafakihi wa Kiislamu waliukabili mgawanyo huu huu, wa uzito wa kweli na uzito uliobandikwa, katika suala la taabu ya ibada. Abu Ishaq ash-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alieleza katika al-Muwafaqat kwamba sheria huwatwika watu matendo yasiyokosa taabu, ila taabu yenyewe haikukusudiwa, na kwamba mja hapaswi kuitafuta taabu kwa ajili yake yenyewe akidhani kwamba ndiyo thawabu. Hadithi inayotajwa sana katika mlango huu ni ya mtu aliyeweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asiingie kivulini wala asiseme na watu, huku amefunga. Mtume alimwamuru akae, aingie kivulini, aseme, na aikamilishe saumu yake. Saumu ilibaki pamoja na njaa na kiu yake, kwa kuwa hizo zimo ndani ya tendo, na jua likaondolewa, kwa kuwa lilikuwa limebandikwa juu ya tendo kutoka nje. Kwa mizani hiyo, uzito wa kasta ni wa jamii ya njaa ya mwenye kufunga, na uzito wa skrubu iliyokazwa kupita kiasi ni wa jamii ya kusimama juani.

Inawezekana kupinga kwamba hoja hii inampendelea mwenye mikono yenye nguvu, na kwamba mzee mwenye maumivu ya viungo, au mtu aliyepungukiwa na nguvu za bega, hawezi kuambiwa kwamba msaada unampunguzia maarifa, wakati bila msaada huo asingeendesha kabisa. Pingamizi hilo ni la haki, na sheria za ibada zenyewe zina ruhusa kwa msafiri na mgonjwa. Lakini ruhusa humpunguzia mtu mzigo bila kumkatia uhusiano na tendo, na gari la mtu kama huyo linaweza kutendewa vivyo hivyo: tairodi zilizolika zikabadilishwa, skrubu ikarudishwa kwenye kipimo chake, kasta ikaongezwa kwa kiasi ambacho pampu inaweza kukibeba anapoegesha, na kijiti cha valvu, ambacho mwenye mikono yenye nguvu angekibadilisha kwa kinene zaidi, kikaachwa kama kilivyo.