Nyumba Kongwe ni Mali ya Nani?

Mtu akirithi nyumba, je, ana haki ya kuibomoa apendapo? Wengi watajibu upesi kwamba mwenye mali hana mpaka juu ya mali yake. Jibu hilo ni jepesi, lakini halijapimwa. Na tulipime kwa habari ya nyumba moja ya kale.

Kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Sussex, kiko kijiji kiitwacho Alfriston, kando ya mto Cuckmere. Karibu na kanisa la kijiji hicho imesimama nyumba iliyojengwa katika karne ya 14. Haikuwa ngome ya mfalme wala jumba la tajiri mkuu. Yalikuwa makao ya mkulima. Kiunzi chake ni cha mti wa mwaloni, kilichounganishwa kwa ndimi na matundu, kikakazwa kwa vigingi vya mti. Nafasi baina ya nguzo zilizibwa kwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, kazi ambayo mafundi wa vijiji vyetu waijua vema. Paa lake refu limeezekwa kwa majani makavu. Katikati upo ukumbi usio na dari: zamani moto uliwashwa sakafuni, na moshi ulipanda hata paani ukajitafutia njia. Sakafu ya ukumbi huo ni ya chaki iliyoshindiliwa na kunyweshwa maziwa yaliyoganda ili iwe ngumu.

Tazama hekima ya watu wale. Msitu ulitoa mti, kilima kilitoa chaki, na ng'ombe alitoa maziwa. Aliyeijenga nyumba hakuacha jina, aliacha kazi.

Baadaye nyumba ilikuwa mali ya kanisa, na katika karne ya 19 ilikuwa imechakaa hata idhini ya kuibomoa ikatolewa. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Nyumba inayovuja ni mzigo, na alalaye chini ya paa bovu hafarijiwi na sifa za waliomtangulia. Husimuliwa kwamba mwanamke mzee aliyekaa humo aliomba aachwe amalizie siku zake, naye akaachiwa. Huruma hiyo ndogo iliipa nyumba muda. Kisha kasisi wa kijiji alitafuta msaada, na mwaka 1896 shirika la National Trust, lililoanzishwa mwaka uliotangulia, liliinunua kwa pauni 10. Ndilo jengo la kwanza ambalo shirika hilo lilipata kununua.

Pauni 10! Hapa twaona kuwa bei na thamani si ndugu wa tumbo moja. Bei ni yale wanayopatana muuzaji na mnunuzi. Thamani hujulikana kwa pengo ambalo kitu huacha kikitoweka. Fundi wa leo aweza kujenga nyumba bora kuliko ile, yenye maji na taa, lakini hawezi kuijengea umri wa miaka 600.

Je, kila kilicho kikongwe kihifadhiwe? La, hasha. Kama kila nyumba ya zamani isingeguswa, walio hai wangekosa pa kukaa. Wajibu wetu ni kuuliza kabla ya kuinua nyundo: Ni kitu gani kitakachopotea kisirudi tena? Nani atadhurika? Je, haiwezekani kutengeneza? Mrithi ni mpokezi aliye katikati ya safu ndefu: nyuma yake wako waliojenga, mbele yake wako watakaokuja kuona. Ana haki ya kutumia, ya kutengeneza, na pengine ya kubomoa; lakini hana haki ya kutenda kana kwamba yeye ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Naam, lakini ziko kuta ambazo zikianguka hakuna awezaye kuzijenga tena.