Je, Kitu Kimoja Kinaweza Kuwa Baridi?

Fizikia iliyojengwa na Maxwell na Boltzmann katika karne ya 19 inalichukulia jotoridi kuwa sifa ya umati. Chembe moja ya hewa ina kasi. Jotoridi haina, kama vile mtu mmoja ana umri lakini hana wastani wa umri. Mwaka 1952 mwanafizikia Schrödinger aliandika kwamba hatufanyi kamwe majaribio kwa elektroni moja au atomu moja, na kwa wakati ule alikuwa sahihi. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Cambridge waliitumbukiza ioni moja tu ya iterbiamu ndani ya gesi ya rubidiamu iliyokaribia sifuri halisi, wakaeleza jinsi ilivyopoa. Imepoaje, nayo iko peke yake?

Jibu jepesi ni muda: pima nishati ya ioni hiyo mara nyingi, na vipimo vitasimama mahali pa umati. Lingenitosha kama ioni ingekuwa imetulia sawa na gesi inayoizunguka. Haiko hivyo. Uga wa umeme usiobadilika hauwezi peke yake kuishika chaji, kwa hiyo mtego aliobuni Wolfgang Paul hutumia uga unaogeuka-geuka kwa kasi kubwa, na ioni hutikisika pamoja nao. Atomu ikiigonga katikati ya mtikisiko, mtego huingiza nishati mpya. Hata mtego usio na dosari hausalimiki: mwaka 2012 Cetina, Grier na Vuletić walionyesha kwamba mvuto wa atomu inayokaribia unatosha kuisogeza ioni kutoka kitovuni, ikapashwa joto na mgongano uleule uliokusudiwa kuipoza. Ndiyo maana vipimo huwa na mkia mrefu wa nishati kubwa, ambao namba moja ya jotoridi haiwezi kuueleza. Wastani upo, jotoridi kwa maana yake kamili halipo.

Basi, atasema mwingine, “baridi” ni lugha ya kurahisisha tu. Hapo sikubali. Kwa hesabu ya mwanafizikia Langevin ya 1905, kasi ya ioni kunasa atomu ni ileile, nishati iwe kubwa au ndogo. Timu moja ya watafiti wa Amsterdam ikachagua lithiamu, atomu ambayo iterbiamu huizidi uzito karibu mara 28, ili mtego usipate nafasi kubwa ya kupasha joto. Mwaka 2020 iliripoti kwamba migongano imefika eneo la kwanta, na kasi ya kubadilishana spini imeanza kuachana na hesabu hiyo ya Langevin. Neno tupu halibadilishi kasi ya tukio. Ila nishati iliyoamua hapo si mali ya ioni: ni ya ioni na atomu zikikutana. (Kishawishi cha kurukia “mtu ni watu” ni kikubwa, sikirukii, maana ioni haina ukoo.)

Pingamizi zito zaidi ni kwamba leza huweza kuipoza ioni bila gesi yoyote, hadi ngazi ya chini kabisa ya nishati. Ni kweli. Lakini ngazi hizo ni za ioni ndani ya mtego fulani. Ubadili mtego, nazo hubadilika.