TAA ZA FORODHANI



Krismasi iliyopita baadhi yetu tulivuka kutoka Pemba kwenda Unguja. Tulisali katika Kanisa Kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali walipouzwa watumwa. Usiku tukaenda bustani ya Forodhani kutazama taa. Tulifurahi kama watoto.

Lakini tukumbuke Krismasi ya 2009: umeme utokao bara ulikatika, na Unguja ikakaa gizani hata mwaka 2010. Sisi Pemba nasi twategemea waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Taa za namna hii huzimika.

Tuliporudi tulimkuta bibi yetu mmoja, mgonjwa, aliyeshinda sikukuu peke yake. Hakutulaumu. Aliuliza tu, "Wanangu, ibada ilikuwaje?" Tukaona haya.

Nuru iliyozaliwa horini haingoji waya wala bustani. Huingia nyumba kwa nyumba kwa miguu yetu. Basi Krismasi ijayo, kabla ya kushika njia ya bandarini, tupige hodi kwake kwanza. Bwana atusaidie. Amina.